Injini ya mbio umeifunga gereji na sasa inagonga, inafuka moshi au haina presha: anzia hapa

Kabla sijasema lolote, zima hiyo injini. Najua inauma, umekaa miezi unakusanya pistoni za kufuliwa na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za maana, umefunga mpaka usiku wa manane, umewasha, halafu imetoa mlio usioujua na kila aliyesimama pale anakwambia ikanyagie mafuta kidogo itajisafisha. Haijisafishi. Beringi ya konrodi iliyokosa oili inaisha ndani ya sekunde tu, na mara nyingi ile tofauti kati ya kubadilisha seti ya beringi na kutupa krenki (shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni) pamoja na bloku ni ile mikanyago miwili mitatu ya mafuta uliyoongeza ili usikie vizuri.

Injini nyingi za kuongezwa nguvu nilizofungua hazikuuliwa na nguvu. Ziliuliwa na kitu kidogo cha siku ya kufunga, kepu (kifuniko kinachobana beringi) iliyogeuzwa, oringi iliyobanwa, ringi iliyokaa juu chini, na kitu cha hivyo kinaacha alama zake, wewe kazi yako ni kujiuliza tatizo limeanza lini. Kabla haijawaka? Dakika ya kwanza? Ikishapata moto? Au mpaka uibebeshe mzigo? Nimeyapanga hivyo hivyo hapa chini.

Haizunguki kwa mkono, au inazunguka halafu inakwama

Usiguse stata mpaka umezungusha injini kwa mkono, plagi zote nje, soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu kamshafti (shafti inayofungua valvu) inazunguka mara moja krenki ikizunguka mara mbili, kwa hiyo ukizungusha mmoja tu kuna valvu hujazijaribu kabisa.

Ikikwama pale pale kila mzunguko, karibu na pistoni kufika juu, hapo valvu inagusa pistoni. Usilazimishe hata kidogo, valvu inapinda kwa nguvu ya mkono tu. Rudi kwenye taiming kwanza, na kama taiming iko sawa basi kamshafti yako mpya inanyanyua valvu kuliko mifereji ya valvu iliyochongwa juu ya pistoni inavyoruhusu, au hedi na bloku zimechongwa zikasogeleana. Hii inapimwa kwa udongo laini wa kuchezea watoto, unabandika juu ya pistoni, unafunga hedi na gasketi, unazungusha, unafungua unakata udongo na kupima unene wake pale ulipokandamizwa. Watu wengi wanataka wabaki na kama mm 2 upande wa kuingiza hewa na mm 2.5 upande wa eksozi, kwa sababu valvu ya eksozi inapata moto zaidi na inarefuka.

Ikiwa nzito mzunguko mzima, hilo ni la chini. Ndio maana nasema siku ya kufunga zungusha krenki kila ukimaliza kukaza kepu moja, ikiwa nyepesi kepu ya kwanza, nyepesi ya pili, ikagoma ya tatu, basi unajua ni ipi bila kufungua tano zote. Sababu zenyewe ni zile zile: kepu imegeuzwa, kepu imehamishiwa namba nyingine (kila kepu ilichongwa pale pale ilipo, haibadilishani), au kuna uchafu nyuma ya beringi. Na uchafu hapa sio lazima uwe mchanga. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki ya kipenyo cha mm 50 ni kama mm 0.05, nywele moja ya kichwani ina unene wa kukaribiana na hapo, sasa weka hiyo nywele nyuma ya beringi uone imekula nafasi kiasi gani. Futa mgongo wa beringi na kitanda chake vikavu kabisa, oili inapakwa upande wa krenki peke yake.

Konrodi nazo zina upande. Kwenye injini za V, ambapo konrodi mbili zinakaa shingo moja ya krenki, upande wenye ukingo uliochongwa mlalo unaangalia ukuta wa krenki na upande bapa unaangalia konrodi mwenzake. Ukigeuza, beringi inapanda kwenye kona ya krenki na injini inakuwa nzito au inakula beringi ukingoni.

Stata inapiga ila haiwaki

Hapa sikai sana. Pima kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda) mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka chini. Zikiwa silinda zote chini na zinafanana, ni taiming ya kamshafti, jino moja linatosha. Ikiwa moja au mbili tu ndio ziko chini, tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Ukiwa na kamshafti kali usishtuke kuona namba ndogo kuliko za injini ya kawaida, valvu zinachelewa kufunga na sehemu ya hewa inarudi, cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi kama asilimia 10.

Kompresheni ikiwa nzuri na bado inalipuka kurudi nyuma kwenye mpira wa kuingizia hewa, angalia mpangilio wa waya au koili (silinda nne nyingi ni 1-3-4-2), halafu sensa ya krenki. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaamini krenki iko digrii fulani, wewe thibitisha kwa taa ya taiming kwamba ni kweli iko hapo, maana ukiwa umehamisha gurudumu la meno la sensa utatyuni wiki nzima namba zisizo na ukweli.

Presha ya oili haipandi

Hili ndilo ningependa usome mara mbili.

Injini mpya haiwashwi kwanza ndio utafute presha. Plagi nje, injekta zimechomolewa umeme, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ipande. Na geji iwe ya mshale yenye bomba, imefungwa moja kwa moja kwenye bloku, sio ile taa ndogo ya dashibodi, taa hiyo inazimika presha ikiwa bado ndogo sana.

Isipopanda kabisa, anza na pampu kavu. Pampu ya gia isiyo na oili ndani inazungusha hewa tu, haina kitu cha kuzibia nafasi zake ili ivute. Siku ya kufunga ijaze vaselini au oili nzito ya kufungia, itayeyuka yenyewe. Ikiwa umefanya hivyo na bado kimya, angalia plagi (vizibo, sio za kuwashia) za njia za oili ndani ya bloku. Bloku ikienda kuoshwa na kuchongwa plagi hizo zinatolewa, na zinarudishwa na mtu, na mtu anasahau. Moja iliyo nyuma ya kava ya taiming ikikosekana huoni tone la oili nje, oili yote inamwagikia ndani kurudi kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na wewe unasema pampu mbovu. Halafu valvu ya kupunguzia presha, ikikwama wazi kwa kipande cha chuma, presha haijengeki.

Ikipanda ila inatetemeka, mshale hautulii, pampu inakula hewa. Nilifunga injini moja ya silinda nne yenye turbo, ikawaka na bar 4 ikiwa baridi, safi, lakini ikifika raundi 3,500 kwa dakika mshale unaanza kucheza. Nikabadilisha pampu. Ikacheza vile vile. Nikafungua pampu ya pili nikaipima nafasi zote, ziko sawa. Mara ya tatu nikashusha sampu nikatoa lile bomba la kunyonyea oili, na pale linapoingia kwenye pampu ile oringi ilikuwa imekatwa kwa upande, kipande cha mwezi mchanga kimeng'oka, kwa sababu niliisukuma kavu bila kuipaka oili. Raundi za chini oili ilikuwa inaziba yale matundu, raundi zikipanda mvuto unaongezeka na hewa inaingia. Oringi moja. Beringi za konrodi namba 1 na 4 zilikuwa zimeshaanza kuonyesha shaba, yaani tabaka la juu limelika. Tangu siku hiyo oringi ya bomba hilo napaka oili, naisukuma kwa mkono, halafu naitoa niikague, ndio narudisha mara ya mwisho.

Kwenye bomba hilo hilo pima umbali wake na sakafu ya sampu, hasa kama umeweka sampu ya aina nyingine, mm 6 mpaka 10 ndio watu wengi wanalenga. Likigusa sakafu linajinyima, likiwa juu sana linameza hewa kwenye kona na kwenye breki. Na silikoni ya kuzibia maungio, jamani, silikoni. Ule uzi unaojikamua ndani ya sampu unakatika na kwenda moja kwa moja kwenye chujio la bomba, paka nyembamba.

Presha nzuri ikiwa baridi halafu inaporomoka ikipata moto, hiyo ni nafasi za beringi kubwa, au oili nyepesi kuliko nafasi ulizoweka. Kanuni ya zamani ya mbio inasema psi 10 kwa kila raundi 1,000 injini ikiwa ya moto. Sio sheria, injini nyingi za kisasa zinaishi chini ya hapo, ila ukiwa na psi 30 kwenye raundi 7,000 usiendelee.

Kingine, beringi ya mein (ile inayobeba krenki kwenye bloku) ya juu ina tundu la oili na ya chini mara nyingi haina. Ukizibadilisha, geji inaonyesha presha nzuri kabisa, hata nzuri kupita kiasi, huku shingo ya krenki haipati kitu, kwa hiyo geji peke yake haitoshi kukutuliza.

Inagonga

Kwanza tenganisha mlio wa nusu kasi na mlio wa kasi kamili. Mlio wa juu, wa tapeti na kamshafti, unapiga mara moja kwa mizunguko miwili ya krenki. Mlio wa chini unakwenda na krenki. Sikio linazoea haraka, weka bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye hedi, halafu kwenye bloku, halafu kwenye sampu, utasikia unapokua.

Mlio ukisikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, na una pistoni za kufuliwa, huenda hauna tatizo. Aloi ya 2618 inatanuka sana kwa joto, kwa hiyo inafungwa na nafasi kubwa ukutani na inapiga piga silinda mpaka itanuke. Aloi ya 4032 inatanuka kidogo, kelele yake ni ndogo. Ila mlio usipopotea injini ikiwa ya moto, rudi kwenye kipimo cha silinda. Halafu kuna pistoni ambazo pini yake haikai katikati kabisa, ukizigeuza mshale ukaangalia nyuma zinapiga kelele hata kama nafasi ni sahihi, na mifereji ya valvu nayo inakuwa upande usio wake.

Mlio ukikua kadiri oili inavyopata moto, mzito, unasikika hasa ukiachia mafuta kwenye raundi za kati, hiyo ni beringi ya konrodi. Chomoa umeme wa injekta moja moja injini ikiwa imetulia. Ukifika kwenye silinda yenye tatizo mlio unapungua au unabadilika, kwa sababu umeitolea mzigo. Chomoa injekta, sio plagi, ukichomoa plagi petroli isiyoungua inaosha oili kwenye ukuta wa silinda. Na jaribio hili ni la sekunde chache, ukipata jibu zima.

Kabla hujashusha injini nzima kwa ajili ya huo mlio mzito, angalia bolti za flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki). Zikilegea zinagonga kama konrodi kabisa, nimeona injini nzima ikifunguliwa, beringi zinang'aa kama mpya, kumbe bolti. Angalia pia zile pini za kuelekezea kati ya bloku na giaboksi kama zipo, bila hizo giaboksi inakaa pembeni kidogo, na kwenye injini ambazo pampu ya oili inaendeshwa na krenki moja kwa moja, pini za pampu zikikosekana gia zake zinasuguana mpaka zinapasuka.

Kutik tik kwa haraka kunakofanana na tapeti mara nyingi ni gasketi ya eksozi inavuja. Kata mpira mrefu, upande mmoja sikioni, pitisha mwingine kwenye maungio.

Kuna moja isiyogonga lakini inaua: injini inazama raundi ukikanyaga klachi. Hiyo ni washa za kuzuia krenki isisogee mbele na nyuma. Mwombe mtu akanyage klachi injini imezimwa, wewe angalia puli ya krenki, ikisogea kwa macho umekwisha chelewa. Kwa dayal geji (saa ya kupimia msogeo) injini nyingi zinataka kati ya mm 0.1 na 0.25. Kosa la kufunga ni kuziweka kinyume, ile mifereji ya oili inatakiwa iangalie krenki, sio bloku, na klachi ya mbio yenye springi ngumu inamaliza washa iliyogeuzwa kwa muda mfupi mno.

Mlio wa changarawe unaotoka ukiwa kwenye mzigo tu sio mlio wa chuma kulegea, ni mafuta kulipuka kabla ya wakati. Ila nao unaweza kuwa wa kufunga, hedi ikichongwa, bloku ikichongwa, gasketi nyembamba, ukapata kompresheni kubwa kuliko uliyoandika kwenye karatasi.

Moshi

Dakika za kwanza itafuka, ni oili ya kufungia inaungua, vumilia. Moshi wa bluu unaotoka ukiwasha asubuhi, au ukiachia mafuta kwa muda halafu ukakanyaga, ni sili za valvu, mara nyingi zimechanwa na ncha ya valvu wakati wa kuzivisha bila kifuniko cha plastiki.

Moshi wa bluu muda wote unaozidi ukiwa na mzigo ni ringi. Nukta au herufi iliyochapwa kwenye ringi inaangalia juu. Ringi ya pili ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu nyingi ni za kukwangua oili kwenda chini, ukigeuza inakwangua kwenda juu, na injini inakula oili huku kompresheni ni nzuri tu. Ringi ya oili ya vipande vitatu nayo, ile springi ya katikati ncha zake zinakutana kichwa kwa kichwa, hazipandani. Zikipandana utahisi pistoni nzito kuingia, usipige nyundo, toa uangalie.

Nafasi ya mdomo wa ringi ni pale watu wanapoogopa kitu kisichotisha. Wanaweka ndogo wakidhani nguvu itavuja. Injini ya kawaida ya barabarani ni kama mm 0.004 kwa kila mm ya kipenyo, yaani silinda ya mm 86 inapata kama 0.35, na yenye turbo inapanda kwenda 0.45 mpaka 0.5, fuata karatasi ya mtengenezaji wa pistoni zako. Ikiwa ndogo, ringi ikipata moto ncha zinagusana, hazina pa kwenda, zinasukuma ukuta. Dalili utaiona ukifungua: ncha za ringi zinang'aa kama kioo, mistari ya wima kwenye silinda, na mbaya zaidi ule ukingo wa pistoni kati ya ringi na ringi umemeguka. Nafasi kubwa kidogo inakupa moshi kidogo, ndogo kidogo inakupa pistoni mpya.

Na kama una turbo, kabla ya kushutumu ringi fungua bomba la kurudisha oili la turbo. Gasketi iliyoziba nusu ya tundu, mpira uliojikunja, au bomba linaloingia chini ya usawa wa oili, vyote vinafanya oili ipande kupita sili za turbo na kutoka nyuma kama wingu.

Maji yanachemka, mpira wa radieta mgumu kama jiwe

Ukijaza maji mara ya kwanza hewa inabaki hedi, toa hewa kwanza. Baada ya hapo ukiona mapovu yasiyoisha, fanya jaribio la kuvujisha hewa: pistoni juu kabisa, valvu zimefungwa, gia imefungwa isizunguke, ingiza hewa kwenye tundu la plagi. Ikisikika kwenye mdomo wa hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye bomba la moshi ni ya eksozi, kwenye kifuniko cha oili ni ringi, mapovu kwenye radieta ni gasketi ya hedi, ikitokea kwenye tundu la plagi la jirani gasketi imefunguka kati ya silinda mbili.

Gasketi iliyofunguka injini mpya, mara nyingi ni kukaza. Nguvu nyingi unayoiweka kwenye toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kama asilimia 90, inaliwa na msuguano wa nyuzi na kichwa cha bolti, kinachobaki ndicho kinachobana. Kwa hiyo ukitumia oili ya injini pale karatasi iliposema tumia grisi ya stadi (bolti zisizo na kichwa zinazobana hedi), toki renchi inalia namba ile ile lakini mbano ni mdogo. Bolti zinazokazwa kwa digrii za kuvutika hazirudiwi, weka mpya. Stadi zinaingizwa kwenye bloku kwa mkono tu. Na tundu lenye oili au maji chini yake linapasua bloku ukikaza, piga hewa kila tundu. Gasketi za chuma za tabaka hazitaki silikoni, zinataka uso laini. Angalia pia haijageuzwa, iliyogeuzwa inaziba njia za maji za nyuma au njia ya oili ya kwenda hedi.

Inawaka vizuri ila haina nguvu na inapumua kwenye kifuniko cha oili

Ringi hazijakaa. Kinachosukuma ringi ukutani ni gesi ya mlipuko inayopita nyuma yake, kwa hiyo injini mpya iliyoachwa ikinguruma bila mzigo kwa saa nzima haizikalishi, inang'arisha kuta tu. Ikishapata moto na hakuna uvujaji, ipeleke barabarani, mzigo wa wastani, panda raundi, achia, rudia, na oili ya madini isiyo ya sinthetiki. Isipokuwa una kamshafti ya tapeti bapa za zamani, hiyo kwanza inataka raundi 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika 20 mara tu inapowaka, na oili yenye zinki, vinginevyo migongo ya kamshafti inalika.

Baada ya dakika 20 au 30 za kwanza mwaga oili, na usitupe filta, ikate. Fungua ile karatasi, kamua oili, itandaze juani, pitisha sumaku. Vumbi jembamba la chuma ni ringi na kuta zinazoeana, hiyo ipo. Vipande vinavyoshika sumaku ni gia, krenki au kamshafti. Vimeta vya kijivu visivyoshika sumaku ni tabaka la juu la beringi au ni pistoni, na ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu limeshakwisha, shusha sampu, fungua kepu za konrodi moja moja ukiandika namba kwa kalamu, na usiiwashe tena mpaka umeiona iliyoliwa na umejua kwa nini hiyo na sio ya jirani yake.